Alikuja Kununua Foto, Hakuja Kununua Kiswahili

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile kaka yangu Paluku alipopigilia ubao juu ya mlango wa studio yetu pale mtaa wa Saio, Bunia. Aliuandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa, kisha akarudi nyuma kuutazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wake mpya. Ubao ulisema: HAPA TUNASEMA KISWAHILI. ASIYEJUA AKUJE NA MUTU WAKE.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka kufungua duka la simu pale sokoni, na umekwisha kusema kwamba watu wa vijijini wasiojua Kiswahili watakupotezea wakati. Kaa hapa karibu. Sitakugombeza. Mzee akigombeza, kijana husikia kelele tu. Nitakusimulia yaliyonipata, na chai ikipoa tutaipasha.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire. Watu waliitana sitwayeni, yaani raia, na wanaume wa ofisini walivaa koti la abakosti bila tai. Sisi tulikuwa tumetoka Butembo tungali wadogo, pamoja na mama yetu mjane. Nyumbani tulisema Kinande. Kiswahili cha Bunia tulikiokota njiani na sokoni, kama kuku anavyookota punje. Paluku, ambaye mimi nilimwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa zetu, alijifunza kazi ya foto kwa fundi mmoja, akafungua studio yake: chumba kimoja chenye dirisha kubwa, pazia la buluu, kiti, kioo, kitana, na koti la kuazima kwa mwanaume asiye na koti. Mimi niliwapokea watu, nikawachana nywele, nikawafunga kola, nikawaketisha. Kamera niliijua vizuri, maana siku zisizo na wateja Yaya alinifundisha kila kitu, hata kusafisha foto katika chumba cha giza. Lakini mbele ya watu aliishika mwenyewe. Binti kushika kamera wakati ule lilikuwa jambo la kuchekwa.

Mwaka huo serikali iliagiza kila mtu mzima awe na karte mpya ya utambulisho yenye foto. Basi lori zikaanza kuwamwaga watu Bunia: waliotoka Mahagi, waliotoka ufukweni kwa ziwa, waliotoka Boga, waliotoka vilimani. Asiye na karte, askari wa bariere, kizuizi cha njiani, walimrudisha alikotoka. Kwa mpiga foto ule ulikuwa wakati wa mavuno. Lakini mavuno mengine huja na mvua ya mawe.

Mzee mmoja wa vilimani alikuja kukaa mbele ya kamera. Yaya akamwambia kwa heshima, "Muzee, usitikisike." Mzee hakujua Kiswahili. Alisikia sauti ya adabu, akadhani anasalimiwa, akainamisha kichwa kuitikia. Foto ikatoka na mabega mazuri kabisa, na juu ya mabega moshi. Wakarudia, mzee akaitikia tena. Biro, ofisi ya karte, ikaikataa foto, jamaa zake wakaja kugomba mlangoni, na mtaa mzima ukacheka. Filme zilitoka mbali na zilikuwa adimu. Yaya alikuwa mtu wa kuionea fahari kazi yake, na siku ile aliumia. Kwa hiyo usimwone mtu mbaya. Mwenye jeraha huwa mwepesi wa kufunga mlango. Kesho yake asubuhi ndipo akapigilia ule ubao.

Rangi ilikuwa haijakauka vizuri alipofika mama mmoja mzee, mrefu, mwembamba, amejifunga kitambaa cheupe kichwani na kibwebwe kiunoni. Baadaye nilijua kwamba aliitwa mama Akumu, na kwamba alikuwa Mualuru wa upande wa Mahagi. Alisimama kizingitini, akaonyesha uso wake kwa kidole, kisha akaonyesha kamera.

"Mama, unasemaka Kiswahili?" Yaya akamuuliza.

Mama akatabasamu, akaonyesha uso wake tena.

Yaya akaonyesha ubao. Mama akautazama ubao kwa adabu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani, kisha akageuka kumtazama Yaya, akingoja. Hakujua kusoma.

Ng'ambo ya njia alikaa mama Rosali, muuza samaki wakavu, naye Mualuru wa ziwani, aliyeishi Bunia miaka mingi. Nikamwita. Akafuta mikono, akavuka. Yaya aliridhika, maana ubao ulisema mtu aje na mtu wake, na mtu wake amepatikana. Mama Rosali akasimama kando ya kiti, Yaya akainama nyuma ya kamera, akasema, "Mwambie atulie, atazame hapa." Mama Rosali akamwambia. Na pale pale mama Akumu akageuza shingo kumtazama mama Rosali, kwa kuwa ndiye aliyesema naye. Kamera ikalia.

Mwanangu, uso wa mtu hufuata sauti anayoijua. Filme ilipata shavu na sikio moja.

Wakarudia. Mama Rosali alimweleza asigeuke, naye akaitikia kwamba amesikia, na alipokuwa anaitikia akageuka tena. Yaya akasimama, akafunika kamera kwa kitambaa chake cheusi.

"Inatosha," akasema. "Filme iko karibu kuisha. Aende atafute studio ingine."

Mama Rosali akatafsiri. Ndipo mama mzee akasema maneno marefu, bila kupandisha sauti, akimtazama Yaya usoni muda wote. Mama Rosali alingoja mpaka amalize. Alipotugeukia, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Anasema hivi," akasema. "Binti yake walimupasua Nyankunde, amezaa mapasa, watoto wawili mara moja. Mume wake iko mbali kwa machimbo. Kule hospitali hakuna mutu wa kumupikia, hakuna wa kushika mutoto wa pili. Jana askari wa bariere walimurudisha juu ya kukosa karte. Amelala ku kanisa. Asubuhi alienda ku ile studio ya barabara kubwa, wakamuambia Kifaransa, wakamufukuza. Hapa munamuambia Kiswahili, munamufukuza. Anasema, mwambie huyu kijana: mimi nilikuja kununua foto. Sikukuja kununua Kiswahili."

Mimi nilijisikia kama nimepigwa kofi, ingawa neno halikuwa langu.

Yaya alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. "Siye tulipofika hapa, nani alitusemesha Kinande?" akaniuliza mimi, si yule mama. "Tulijifunza. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mutu akikuja mujini, aseme lugha ya muji."

"Yaya," nikasema, "mama yetu alikuwa ananunua maziwa kwa nani?"

Alijua nilikokuwa ninakwenda.

Tulipofika Bunia, mama yetu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Wauza maziwa walipita wengi mtaani. Mmoja wao, mama wa Kihema aliyetoka mbali zaidi kuliko wote, aliuliza watu, akajifunza neno moja la kwetu, na kila asubuhi alisimama mlangoni akasema, "Wabukire." Ni salamu tu ya asubuhi, hakuna zaidi. Mama yetu alimngoja yule hata akichelewa. Wengine walipita na maziwa yao yakiwa mazuri vile vile, naye akawatikisia kichwa. Alinunua kwa yule mpaka siku aliyofariki.

"Haiko mutu alitusemesha Kinande?" nikamuuliza Yaya polepole. "Alikuwa mumoja. Na weye unamukumbuka, wale wengine hapana. Mutaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa nani anamuhitaji mwenziwe? Kama ni sisi tunataka wateja, siye ndiyo tuiname."

Yaya akaondoa kitambaa juu ya kamera, akasogea kando.

"Basi inama weye," akasema. "Piga. Filme ikiharibika, ni yako."

Niliogopa, sitakuficha. Lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo yeye hakuliona, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefungwa nyuma ya kioo cha kamera: sauti ilipaswa kutoka kule kule kwenye kamera. Nikamvuta mama Rosali nje, nikamwomba anifundishe kusema "tulia," "nitazame," na "bado kidogo" kwa Kialuru. Akasema, nikarudia. Akacheka, akasahihisha, nikarudia. Wauza samaki wenzake wakakusanyika kunisikiliza ninavyojikwaa. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini usidhani hakuna aibu ndani yake. Aibu iko. Unaimeza tu, kama dawa chungu.

Nikarudi ndani, nikamwambia mama Rosali abaki mlangoni nyuma yangu, anyamaze kabisa. Nikainama nyuma ya kamera, nikasema neno langu la kwanza.

Mama Akumu akakaa wima. Alinitazama mimi, si mtu mwingine.

Nikasema la pili. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tumbo, na mlangoni mama Rosali akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe nilitaka kumwambia "nitazame," nikamwambia "nimeze." Yaya alikunja uso akidhani yameharibika. Lakini mama mzee akajifuta machozi, akaniinamia, akanisemea lile neno kwa upole, akilikata vipande, kama anavyofundishwa mtoto anayeota meno. Nikarudia. Akatikisa kichwa kunikubalia. Uso wake ulikuwa umefunguka, hofu ya askari na ya kulala kanisani imeondoka, hata kamera alikuwa ameisahau. Nikasema, "Bado kidogo." Akatulia akinitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyeshinda mtihani.

Nikabonyeza.

Katika chumba cha giza niliiweka karatasi ndani ya dawa, chini ya ile taa nyekundu, nikangoja. Yaya aliingia akasimama nyuma yangu. Kwanza ukatokea weupe wa kitambaa cha kichwani. Kisha nyusi. Kisha macho yote mawili, wazi, safi, na mdomo uliokuwa umetoka tu kucheka na bado umebaki na joto lake. Katika kazi yetu yote hatujawahi kutoa foto ya karte kama ile.

"Macho iko wazi," Yaya akasema. Kisha akaongeza, "Kausha mbio. Biro inafunga saa sita."

Kisha kaka yangu, mwanangu, yule yule wa ubao, akatoa baiskeli yake, akampandisha mama Akumu nyuma, akamwendesha mwenyewe mpaka biro. Sikuwapo, lakini alinisimulia. Karani alianza Kifaransa, na Yaya akasimama kando ya yule mama akajibu kila swali kwa niaba yake, na palipokosekana jibu akamtazama yeye, naye akaonyesha kwa vidole. Karani akaitazama foto, akamtazama mama, akaitazama foto tena, akagonga muhuri. Jioni ile mama Akumu alikuwa amekwisha kupita bariere, yuko Nyankunde, amepakata wajukuu wake.

Sisi tulidhani jambo limeishia hapo. Halikuishia.

Asubuhi moja, majuma mengine yakiwa yamepita, tulisikia nyimbo. Lori ya Mahagi ilikuja polepole kwenye njia yetu, njia ambayo lori hazikuwa na desturi ya kupita, ikasimama mbele ya studio. Kumbe mama Akumu, kule hospitali, alikuwa amewasimulia wagonjwa na wauguzaji wao habari ya binti wa Kinande aliyemwambia "nimeze." Akiwa njiani kurudi nyumbani aliwasimulia watu wa parokia. Na sasa alikuwa amerudi na binti yake, na mapasa wawili wanono, na nyuma yao lori nzima ya watu waliotaka foto za karte, mama zao, baba zao, na wazee wa kushikwa mkono.

Mama Akumu akashuka wa kwanza. Akajinyoosha nguo, akamwendea Yaya, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, neno kwa neno, kwa Kiswahili: "Sitwayeni, habari ya asubuhi. Siye tumekuja." Alijifunza kwa wauguzaji wenzake, jikoni kwa hospitali. Hakuna aliyemlazimisha.

Yaya akavua kofia yake. Nilimwona akitafuta neno, na nikajua kwamba usiku alikuwa akinisikiliza nilipokuwa nikirudia maneno ya Kialuru niliyoendelea kufundishwa na mama Rosali. "Afoyo, mama," akasema. Ahsante, mama.

Laiti ungekuwapo, mwanangu. Vigelegele vilipasuka mpaka watoto wa shule wakatoka kuona kuna arusi ya nani. Wale mapasa walilia, wanawake wakacheza, dereva akakaa ndani ya kichwa cha lori akipiga honi. Tulianza kazi pale pale. Yaya alinikabidhi kamera mbele ya watu wote. "Kavira, weye piga," akasema. "Mimi nitashika pazia." Na alilishika, mpaka jua likakosa nguvu dirishani. Wazee waliketi mmoja mmoja, nikawaambia watulie, wanitazame, bado kidogo. Sikukosea tena lile neno, ingawa wengine waliniomba nilikosee makusudi ili nao wacheke kidogo. Biro haikukataa hata foto moja ya siku ile.

Jioni Yaya alipanda kiti akaung'oa ubao mwenyewe. Aliukata akaufanya rafu ya kuwekea foto zilizokauka, na mbao zilikuwa nzuri.

Tangu hapo tulijifunza. Mama wa Kihema wa Boga alinifundisha salamu ya kwao. Wazee wa Kilendu walinifundisha yao, na ile ilinishinda ulimi mwezi mzima, nao wakanivumilia. Sikuwahi kuzijua lugha hizo kwa undani, usije ukanisifu bure. Nilijua kuamkia, kuketisha, kuomba radhi na kushukuru. Lakini kwa maneno hayo machache watu waliipita studio ya barabara kubwa, yenye taa za umeme na viti vya ngozi, wakatembea na vumbi lao mpaka Saio. Miaka ya themanini ilipoingia nilikuwa na studio yangu mwenyewe karibu na soko, mwanamke wa kwanza niliyemjua mimi kufanya kazi ile Bunia. Mlangoni sikuandika kitu. Nilitundika foto ya mama Akumu na wajukuu wake, mmoja kila goti, na kila aliyepita alijua humu ndani kunafanyika nini.

Sasa, mwanangu, usinisikie vibaya. Sisemi Kiswahili hakina maana. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi wa Butembo na wale wa Mahagi na wale wa Boga, na mtu akikaa mjini ni vizuri akijue. Lakini kitu kizuri hakifanywi mlinzi wa mlango. Mgeni akipendwa hujifunza mwenyewe, tena hujifunza kwa furaha. Akitishwa hujifunza njia ya kwenda kwa jirani yako.

Biashara haigombi. Mteja anapofika dukani kwako amekwisha kutembea sehemu yake ya njia. Sehemu iliyobaki ni yako, itembee. Mama wa kijijini akija na simu yake iliyokufa, akasimama akakuonyesha kwa kidole, usimwonyeshe ubao. Mwite jirani, uliza neno moja, lijaribu kwa kinywa chako mwenyewe, maana mkalimani atamgeuza mteja shingo na wewe utabaki na sikio lake. Ukikosea, acha akucheke, kisha mwombe akusahihishe. Mtu aliyekusahihisha ni vigumu sana kumkuta amehamia duka la pili. Na lugha ya mama yako usiifiche chini ya meza. Siku moja atatokea mtu wa kwenu amechoka na safari, akisikia "Wabukire" atakaa chini apumue.

Nenda ukafungue duka lako. Mungu wa wasafiri wote akuletee watu wa kila kilima na kila pwani ya ziwa, akupe masikio mapana na ulimi usioona aibu. Wanaoingia kwako wamebeba shida watoke wamesimama wima, na jina lako likatamkwe vizuri katika lugha usizozijua.